UZI: Kufunga SARL iliyoshindwa kulipa madeni, kupitia Tribinali ya biashara ya Lubumbashi

kontabule_kampemba
Jambo yenu wote. Naleta kesi yenye hesabu zake, tuichambue.

SARL (kampuni yenye dhima ndogo) ya usafirishaji, makao Lubumbashi, washirika wawili, wafanyakazi 7. Inabeba chokaa na vifaa kwa wanaofanyia migodi kazi ya mkataba mdogo, upande wa Likasi na Kolwezi. Mauzo ya miezi 12 iliyopita: dola 210,000. Pesa iliyopo banki: 1,900.

Madeni: banki 74,000 (kati yake 6,300 ni malipo ya nyuma), mazutu (dizeli) 41,000, matairi na garaji 10,500, mishahara 9,800 (miezi minne, watu 7, kila mmoja 350), leta (kodi za serikali) na CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) 19,200. Jeranti (meneja wa sosiete) mwenyewe aliikopesha sosiete 30,000, zimo kwenye konti yake ya mshirika. Jumla 184,500.

Mali: kamio (lori) A, iko rehani ya banki. Kamio B, haina rehani. Vipuri kidogo dipoo. Faktire (ankara) moja ya 64,000 ambayo kliani anaibishia.

Washirika wanataka kufanya mkutano mkuu, kuandika PV (kumbukumbu za mkutano) ya kuvunja sosiete, jeranti awe mfilisi, halafu waende GUCE (ofisi ya kuandikisha makampuni) kufuta namba ya RCCM (rejista ya biashara). Nimewaambia njia hiyo haiwafai. Wanataka sababu.

metre_golf
Uliwaambia vizuri. Mkutano mkuu una haki ya kuvunja sosiete kwa robo tatu ya mtaji, na sheria ya masosiete ya OHADA, muungano wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara (ile iliyorekebishwa Ouagadougou tarehe 30/01/2014) imepanga hatua zote: mfilisi anateuliwa, tangazo linatoka, barua zote zinaandikwa "société en liquidation" karibu na jina, kazi inatakiwa kwisha ndani ya miaka 3, hesabu ya mwisho inapitishwa na washirika, na ndani ya mwezi 1 baada ya kutangaza mwisho wa ufilisi mfilisi anaomba kufutwa RCCM. Lakini njia hiyo imejengwa kwa sosiete inayoweza kumlipa kila mdai mpaka wa mwisho. Mfilisi akikuta mali haitoshi, hana mamlaka ya kumwambia mwenye mazutu "wewe chukua robo". Mamlaka ya kugawa hasara ni ya tribinali peke yake.

Sasa kipimo. Sosiete iko kwenye "cessation des paiements" pale mali inayopatikana mara moja haiwezi kulipa deni ambalo muda wake umekwisha fika. Hesabu yako: mazutu 41,000, garaji 10,500, mishahara 9,800, leta na CNSS 19,200, malipo ya nyuma ya banki 6,300. Ni 86,800 dhidi ya 1,900. Faktire ya 64,000 haiingii upande wa ile 1,900, kwa sababu haijawa pesa. Kamio pia haziingii.

Kitu kimoja tu kinaweza kubadilisha hesabu hiyo: wadai waliokubali kungoja, au banki iliyo tayari kutoa mkopo mpya. Mwenye mazutu akisaini leo barua ya kukupa miezi sita, deni lake linatoka kwenye jumla. Neno la simu halitoshi.

Tangu siku sosiete ilipoingia hali hiyo, jeranti ana siku 30 za kupeleka tangazo la kushindwa kulipa kwenye grefe (ofisi ya karani) ya tribinali. Sheria inayohusika ni ile ya "procédures collectives" (kesi za walioshindwa kulipa madeni) ya tarehe 10/09/2015, iliyoanza kutumika 24/12/2015. Kongo tumo OHADA tangu tarehe 12/09/2012, kwa hiyo msiwasikilize wanaowatajia dekreti za zamani za "faillite" (kufilisika).

mwana_katuba
Metre, tuseme ukweli. Watu wangapi wanapeleka tangazo? Wengi wanafunga kufuli, wanauza kamio, wanaanzisha SARL mpya kwa jina la bibi. Grefe haimtafuti mtu.

metre_golf
Grefe haimtafuti, mwenye mazutu ndiye anamtafuta. Mdai yeyote mwenye deni la hakika, lenye kiasi kinachojulikana na ambalo muda umefika, anaweza kuiita sosiete tribinali ili ufilisi ufunguliwe. Siku hiyo jaji ataanza na swali moja: tangazo lako la siku 30 liko wapi?

Halafu tribinali inaweka tarehe ambayo sosiete ilianza kushindwa kulipa. Inaweza kurudi nyuma mpaka miezi 18 kabla ya hukumu. Kila kilichofanyika katikati kiko ndani ya kipindi cha mashaka. Zawadi, mkataba ambao sosiete imetoa zaidi sana kuliko ilichopata, deni lililolipwa kabla ya muda wake, deni lililolipwa kwa njia isiyo ya kawaida (kwa mfano kumpa mdai kamio badala ya pesa), rehani mpya iliyowekwa kwa deni la zamani: hivyo vyote haviwafungi wadai wengine, mali inarudishwa. Kamio iliyouzwa kwa shemeji nusu ya bei inarudi kwenye kapu. Shemeji naye anajipanga na wadai.

Na juu ya hapo kuna jeranti mwenyewe. Ufilisi ukionyesha mali haitoshi, na kosa la uongozi limechangia, tribinali inaweza kumlipisha pengo lote au sehemu yake kutoka mfuko wake. Mashtaka hayo yana miaka 3 tangu orodha ya madeni iwe ya mwisho. Kumlipa mdai mmoja kwa kuwadhulumu wengine baada ya sosiete kushindwa kulipa, hilo tayari ni jinai. SARL ya jina la bibi haimwondoi mtu humo.

kontabule_kampemba
Sawa. Faili lenyewe linabeba nini?

faili_nyekundu
Hapa ndipo mafaili mengi yanapokwama, kwa hiyo niende polepole.

Weka barua ya tangazo juu, iliyosainiwa na jeranti, au na avoka mwenye prokirasio (hati ya uwakilishi) maalumu. Prokirasio ya jumla ya kesi zote inaleta ubishi, andikeni mpya inayotaja tendo hili lenyewe. Nyuma yake: hati ya RCCM, hesabu za mwaka (bilani, matokeo, mtiririko wa pesa), hali ya pesa ya siku hiyo, orodha ya madeni na ya wanaodaiwa pamoja na kiasi, jina na anwani ya kila mmoja, orodha ya rehani na dhamana zote, hesabu ya mali, idadi ya wafanyakazi na mishahara wasiyolipwa, majina na anwani za viongozi. Kila karatasi iwe na tarehe, saini, na jeranti athibitishe kwamba ni ya kweli. Karatasi moja ikikosekana, andika sababu kwenye barua. Usiiache kimya ukitumaini grefe haitaona.

Makosa ya kila mara. Kwanza, bilani ya zamani. Sosiete imeacha kuandika vitabu tangu miaka miwili, kontabule anatengeneza bilani ya haraka, na akiba ya vipuri ndani yake ni ile ile ya mwaka juzi. Sindiki (msimamizi wa ufilisi anayewekwa na tribinali) akifika dipoo akakuta rafu tupu, jeranti ataulizwa vitu vilikwenda wapi. Hesabu rafu kwanza, andika unachokiona. Pili, madeni yaliyosahaulika: INPP (taasisi ya mafunzo ya kazi), ONEM (ofisi ya ajira), DRHKAT (kodi za jimbo la Haut-Katanga), kodi ya nyumba. Tatu, konti ya mshirika. Hizo 30,000 zinaandikwa kama deni lingine lolote, na jeranti haruhusiwi kujirudishia hata 500.

Nne, na hili ni la Lubumbashi hasa: karatasi za faktire inayobishiwa. Kliani wa mgodi akisikia ufilisi ataleta adhabu za ucheleweshaji ili aipunguze faktire. Kusanya sasa, kabla wafanyakazi hawajatawanyika: bon de commande (hati ya oda), tiketi za mizani zenye saa na uzito, bon za kupokea mzigo zenye saini na muhuri, barua pepe. Dreva aliyeondoka na kitabu cha bon ameondoka na sehemu ya 64,000.

mama_kamalondo
Naomba mtu asinipite kwenye mishahara. Watu 7 wamengoja miezi minne.

Sehemu ya mshahara isiyoweza kukamatwa inatangulia hata banki yenye rehani. Sindiki anatakiwa kuilipa ndani ya siku 10 tangu hukumu, kwa uamuzi wa jaji komisaa (jaji anayesimamia ufilisi), kama pesa ipo. Kama haipo, inalipwa na pesa ya kwanza itakayoingia. Mishahara mingine ya mwaka wa mwisho ina kipaumbele cha kawaida, nyuma kidogo.

Jambo la pili ni notisi. Mkataba usio na kikomo, mwajiri akiuvunja: siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili. Dreva wa miaka sita ana 14 + 42 = siku 56 za kazi. Hiyo ni pesa, na haimo kwenye ile 9,800. Yaya kontabule, ongeza kwenye orodha yako, pamoja na likizo ambazo hazikuchukuliwa.

Na CNSS: ile 5% iliyokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi ilikuwa yake tangu mwanzo. Sehemu ya mwajiri ni 13%. Jeranti aliyekata 5% akanunua nayo mazutu asubiri maswali makali kuliko yule ambaye hakulipa kabisa. Kodi inayokatwa kwenye mshahara vilevile.

kontabule_kampemba
Aksanti mama, notisi sikuihesabu. Nitaweka mstari wake.

Swali: ni sosiete ndogo, watu 7. Kuna utaratibu uliorahisishwa?

mwana_katuba
Upo. Mpaka wafanyakazi 20 unaingia.

metre_golf
Nusu ya jibu. Masharti ni mawili na yanakwenda pamoja: wafanyakazi wasiozidi 20, na mauzo yasiyozidi faranga CFA milioni 50 kwa miezi 12 kabla ya kwenda tribinali. Milioni 50 za CFA ni kama euro 76,000. Mauzo ya dola 210,000 yanaitoa nje sosiete hii. Ingekuwa ndani, ufilisi mdogo unatakiwa kufungwa kwa siku 120, na nyongeza ya 60 ikibidi. Nje ya hapo, hukumu inaweka muda usiozidi miezi 18, ukiisha tribinali inachunguza kama ufilisi ufungwe, na nyongeza ya miezi 6 kwa uamuzi wenye sababu.

dipoo_ruashi
Baada ya hukumu inakuwaje? Jeranti anaendelea kuingia ofisini?

faili_nyekundu
Hukumu ya ufilisi inavunja sosiete papo hapo na inamwondoa jeranti kwenye mali. Konti ya banki, funguo za kamio, mihuri, vyote kwa sindiki. Hukumu hiyo inamteua jaji komisaa na sindiki mmoja au zaidi, wasiozidi watatu. Ndani ya siku 3 jeranti anajipeleka kwa sindiki na vitabu vya hesabu ili vifungwe. Hapo watu wanakosea: wanangoja waitwe.

Kamio zipelekwe sehemu moja yenye mlinzi siku hiyo hiyo, na kilometa, namba ya shasi, betri, matairi na kiwango cha mazutu viandikwe kwenye karatasi mbele ya mashahidi. Kamio iliyoachwa barabara ya Kasumbalesa wiki mbili inaweza kurudi bila betri wala tairi za nyuma, na bei yake inashuka kabla hata ya mnada.

Tangazo la hukumu linaingia RCCM na kwenye gazeti linaloruhusiwa kutoa matangazo ya sheria. Baada ya siku 15 linatoka mara ya pili. Kuanzia toleo hilo la pili, mdai ana siku 60 za kuleta madai yake kwa sindiki, au 90 akikaa nje ya nchi. Mdai anayejulikana kwenye bilani ambaye hajaleta madai siku 15 tangu tangazo la kwanza, sindiki lazima amwandikie binafsi. Ndiyo maana niliomba anwani sahihi. Barua iliyorudi kwa sababu umeandika "Av. Kasai, karibu na soko" inazaa kesi nyingine. Anayekosa muda anapoteza nafasi yake kwenye mgawo, isipokuwa tribinali ikubali kwamba kuchelewa hakukuwa kosa lake.

Kesi za mdai mmoja mmoja zinasimama. Mwenye mazutu hawezi tena kukamata kamio B peke yake. Na deni lote la banki, hata lile la miaka ijayo, muda wake unafika siku ya hukumu.

dipoo_ruashi
Na muuzaji wa matairi? Faktire yake imeandikwa chini kwamba mali ni yake mpaka alipwe.

metre_golf
Sentensi hiyo inamsaidia kwa masharti: iwe ilikubaliwa kwa maandishi si baada ya siku ya kukabidhi, na iwe imeandikishwa RCCM. Muuzaji ambaye hakuiandikisha hawezi kuitumia dhidi ya wadai wengine, anabaki mdai wa kawaida. Akiwa ameiandikisha, adai matairi yake mapema na yawe yanatambulika. Picha za namba za matairi zina kazi hapa.

kontabule_kampemba
Nipigieni hesabu ya mgawo, washirika waelewe. Tuweke kamio A 38,000, kamio B 21,000, vipuri 3,500, na faktire tupate 40,000 kati ya 64,000.

faili_nyekundu
Tunafanya kwa makadirio yako, gharama nazibuni, na tunaweka pembeni notisi ya mama_kamalondo ambayo itapunguza kila kitu hapo chini. Tuchukue pia kwamba mishahara italipwa na pesa ya faktire, na kwamba leta na CNSS wameandikisha kipaumbele chao RCCM kwa kiasi kinachohitaji kuandikishwa. Wasipoandikisha, kiasi hicho kinashuka na kuwa deni la kawaida.

Kamio A: 38,000 toa gharama za kuuza 2,500, banki inapata 35,500. Inabaki inadai 38,500 bila rehani.

Mali nyingine: 21,000 + 3,500 + 40,000 = 64,500. Toa gharama za mahakama, ulinzi, matangazo na sindiki, tuseme 8,500. Inabaki 56,000. Toa mishahara 9,800: 46,200. Toa leta na CNSS 19,200: 27,000.

Hizo 27,000 zinagawanywa kwa wadai wasio na kipaumbele: banki 38,500, mazutu 41,000, matairi na garaji 10,500, konti ya jeranti 30,000. Jumla 120,000. Kila mmoja anapata 22.5%. Mazutu 9,225. Garaji 2,362.50. Jeranti 6,750. Banki 8,662.50.

Angalieni faktire. Ikiingia sifuri badala ya 40,000, mali nyingine inakuwa 24,500, toa 8,500 inabaki 16,000, toa mishahara inabaki 6,200 kwa leta na CNSS, na chini yao hakuna anayepata kitu. Ufilisi unafungwa kwa mali kutotosha. Zile tiketi za mizani ndizo zinaamua kama mwenye mazutu atapata 9,225 au sifuri.

mwana_katuba
Kwa hiyo banki inapoteza 29,837.50 na jeranti analala usingizi.

metre_golf
Analala kama hakusaini udhamini. Fungua faili la mkopo utafute karatasi ya "cautionnement". Kwa SARL ndogo ni nadra banki kukopesha bila hiyo. Kufilisika kwa sosiete hakumwachii mdhamini. Banki itamdai hizo 29,837.50 yeye binafsi, pamoja na bibi kama naye alisaini. Ni vizuri jeranti aijue karatasi hiyo kabla ya kwenda grefe, aanze mazungumzo na banki kwa jina lake mwenyewe na kwa pesa yake mwenyewe. Kutumia pesa ya sosiete kupunguza deni alilodhamini, tumerudi kwenye kipindi cha mashaka.

mama_kamalondo
Na leta? Watu wanadhani hukumu ikitoka DGI (ofisi ya kodi ya taifa) inajua yenyewe.

faili_nyekundu
Msitegemee hivyo. Nakala ya hukumu na barua ya kusimamisha shughuli vipelekwe DGI, CNSS, INPP, ONEM na DRHKAT, kila mahali uchukue nakala yenye muhuri wa kupokea na tarehe. Mpaka hapo, TVA (VAT) na kodi ya mishahara zinatangazwa kila mwezi kabla ya tarehe 15, hata kama ni sifuri. Mwezi usiotangazwa unaleta makadirio ya leta pamoja na faini, na makadirio hayo yanaingia kwenye madai mbele ya wadai wa kawaida.

Vitabu vya hesabu vinatunzwa miaka 10.

dipoo_ruashi
Swali la mwisho. Kama sosiete haijafika huko, imeanza tu kuyumba?

metre_golf
Kama bado inalipa, kuna upatanisho: rais wa tribinali anamteua mpatanishi, mazungumzo ni ya siri, miezi 3 na nyongeza ya 1. Kuna pia "règlement préventif" (mpango wa kulipa madeni unaopitishwa na tribinali kabla sosiete haijashindwa). Ikishaacha kulipa lakini kazi inaweza kuokolewa, wadai wakipewa mpango wa kweli, ni "redressement judiciaire".

Kuna alama ya mapema pia, ambayo majeranti wengi wanaipita: mtaji wa kweli ukishuka chini ya nusu ya mtaji ulioandikwa kwa sababu ya hasara, ndani ya miezi 4 tangu hesabu zipitishwe washirika wanaitwa waamue kama sosiete ivunjwe. Wakikataa, wana miaka 2 tangu mwisho wa mwaka ule wa hasara kurudisha kiwango. Kontabule, mkutano huo ulifanyika?

kontabule_kampemba
Haupo kwenye kitabu cha PV.

metre_golf
Basi usiuandike leo kwa tarehe ya zamani. Taja kwenye tangazo kwamba haukufanyika, ambatisha hesabu za mwaka ule, na mpeleke faili wiki hii. Siku 30 zinahesabiwa tangu malipo yaliposimama, na mishahara ya miezi minne inaonyesha zimeshapita.